Kiti Chenye Pindo

Siku mama mkwe alipotangaza kwamba sanduku la vifaa vya useremala vya marehemu mumewe linaondoka, Bi Chaki alikuwa na pini mdomoni zimejipanga kama meno ya mamba, na gauni la mteja limemjaa mapajani. Alitaka kusema, "Hapana, Mama!" Kikatoka "Mm-mmm, mmm!" na mama mkwe akakichukua hicho kuwa ndiyo.

"Ahsante kwa kunielewa, mwanangu," akasema, akajiondokea zake na kikombe cha chai. "Jumamosi Baba Mdogo anakuja kulibeba. Anataka kuitundika ile misumeno ukutani pale kinyozini kwake, iwe mapambo."

Mapambo! Bi Chaki alianza kutema pini kiganjani, moja moja, maana pini hazitemwi kwa hasira. Mpaka ya mwisho inatoka, mama mkwe alishafika uani, amekaa juu ya ndoo yake iliyofudikizwa, anapuliza chai, hana hili wala lile.

Jina la Bi Chaki alipewa na wateja, kwa sababu ya kipande cha chaki kinachokaa nyuma ya sikio lake tangu asubuhi mpaka anapolala, na kuna siku hulala nacho. Alipomaliza shule ya msingi hakwenda mbali. Alikwenda kwa shangazi yake, chumba cha pili, akakaa chini ya meza ya cherehani akiokota vipande, halafu pembeni ya meza akikunja, halafu mezani penyewe akikata. Shangazi alikuwa na somo moja na rula moja. "Acha pindo!" anasema, rula inatua kwenye vidole, pa! "Acha pindo, acha akiba ya mshono, acha nafasi mtu apumue! Unakata nguo au unakata roho?" Bi Chaki akaacha pindo. Akaacha pindo miaka yote hiyo, mkono ukazoea hata usimuulize mwenyewe.

Akaolewa na mwoka mikate, kijana mpole anayenukia mkate hata siku ya mapumziko. Baba yake mwoka mikate alikuwa seremala, mwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, na alishamkatia tamaa mwanawe kwa upande wa mbao tangu siku alipopigilia msumari mlangoni, akashika njia, akagundua shati lake limebaki nyuma. Ndani ya kibanda hakuruhusiwa mtu. Lakini Bi Chaki alikwenda siku moja kuomba ubao wa kupigia pasi, na wakati anasubiri, akaupapasa ubao mmoja kwa kiganja, mbele, nyuma, mbele, nyuma, kama anavyopapasa mahameli dukani.

"Unatafuta nini hapo?" mzee akauliza.

"Natafuta inakolala, Baba. Huku laini, huku inakwaruza."

Mzee akaweka patasi chini. Akamtazama yule mkwe mrefu, mwenye chaki sikioni kama yeye alivyo na penseli. Tangu siku hiyo Bi Chaki aliruhusiwa kuingia, kufagia maranda, kunoa chuma cha randa kwenye jiwe mpaka kinyoe malaika ya mkono. Kukata tu ndiko alikokatazwa. "Kukata bado," mzee alikuwa anasema. "Bado kidogo, mwanangu."

Akafariki hiyo bado haijaisha. Mama mkwe akafunga kibanda, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitambaa cha kichwani, na kicheko chake nacho sijui alikifunga wapi. Nyumba ikawa na kelele za cherehani tu, na za mtoto, binti wa kutambaa waliyempa jina la Mkaguzi, kwa kuwa hakuna kitu sakafuni kilichopita bila yeye kukitia mdomoni akahakikisha.

Sasa basi, Bi Chaki alizichomeka pini kwenye kimto chake, akatoka uani.

"Mama, naomba sanduku libaki."

"Libaki lifanye nini? Lipike?"

"Nitalitumia mimi."

Mama mkwe akamtazama toka chini hadi juu, safari ndefu kidogo, maana Bi Chaki huinama kila anapopita mlangoni na mama mkwe ni mdogo kama kifungo cha shati. "Wewe? Utashona mbao?"

"Nitazikata, nitazipiga randa, nitaziunga."

"Na cherehani unamwachia nani, paka?"

"Mama, mapambo jamani! Msumeno wa Baba uning'inie ukutani unatazama watu wananyolewa!"

Hapo mama mkwe akaacha kupuliza chai. Akanywa chai, akaikung'uta ile ya mwisho ardhini. "Haya," akasema. "Nimeolewa na seremala ujana wote na uzee nusu. Mtaa mzima umekalia viti vyake. Mimi nimekalia nini?" Akaipiga ndoo kwa kisigino: ndu! "Kila nikiuliza, 'kesho, mke wangu, kesho.' Basi nitengenezee kiti. Jumamosi nitakikalia mbele ya Baba Mdogo. Kisilie. Marehemu kitu alichokichukia duniani ni kiti kinacholia. Kikilia hata kwii, sanduku linapanda mkokoteni, na nisisikie mtu analalamika."

"Na kisipolia?"

"Ufunguo wako. Sanduku lako. Na kibanda fagia mwenyewe."

Bi Chaki aliruka. Mtu mrefu akiruka uani huwa ni habari. Kamba ya nguo ilimkata shingoni, soksi za mumewe zikaanguka, lakini hakujali. Alichomoa utepe wa kupimia shingoni, akapiga magoti mbele ya mama mkwe, akaanza kupima: upana wa nyonga, urefu wa paja, halafu kutoka chini ya goti mpaka kisigino.

"Gauni gani hilo linapimwa kisigino?"

"Mguu wa kiti, Mama. Tulia."

"Taratibu bwana, unanitekenya!" Kidogo tu acheke. Bi Chaki alikiona kicheko kinapanda, kinafika shingoni, na bibi yule anakimeza kama kidonge. "Na usije ukaniita kila saa, Mama njoo ujaribu, Mama njoo ujaribu. Mimi si sanamu la dukani. Niite kikiwa tayari."

Hilo la mwisho lingekuja kuwa na mambo yake, lakini wakati ule nani alijua?

Mama mkwe akamfungulia kibanda, ufunguo akaurudisha kwenye pindo la kitambaa. Ndani kulikuwa kama mzee ametoka kwenda kuchota maji. Misumeno ukutani kwa ukubwa wake, patasi zimelala kwenye mkanda wa turubai, keekee ya kutobolea, tupa, nyundo yenye mpini uliong'aa kwa jasho. Juu kwenye makenchi ya paa zimelala mbao alizoziweka zikauke, vumbi limezifunika kama shuka. Bi Chaki aliziteremsha akiimba kimyakimya. Kila ubao akaufikisha jichoni, akafumba jicho la pili, akautazama kwa urefu kama alivyokuwa anafanya mzee. Mmoja ulikuwa umejipinda. "Wewe umenuna," akauambia, akaurudisha juu. Zilizobaki zilikuwa zimenyooka na kavu. Ukizigonga zinajibu kwa sauti ya juu, si ule mdundo wa ubao wenye maji.

Halafu akatoa chaki nyuma ya sikio.

Hapa ndipo penyewe. Aliweka utepe kwenye ubao wa mguu, akachora mstari mahali kipimo cha mama mkwe kilipoishia. Vizuri kabisa. Kisha mkono, wenyewe tu, ukateremka nusu shibiri ukachora mstari mwingine: pindo. Akahamia ubao wa kikalio, akapima, mkono ukaongeza kidole huku na kidole kule: akiba ya mshono. Na kwenye matundu, yale ya kuingizia ndimi za mbao ili kiti kishikane, akaacha nafasi kidogo kuzunguka kila ulimi, mtu apumue. Hakuna sauti iliyotokea kichwani ikasema, Bi Chaki, hii ni mbao. Sauti pekee iliyokuwamo ni ya shangazi, na shangazi alikuwa anasema vizuri, mwanangu, vizuri hivyohivyo.

Msumeno ulimchezea siku ya kwanza. Alianza kuukandamiza kama mkasi, ukang'ang'ania katikati ya ubao, hauendi wala haurudi. Akauvuta, ubao ukaja nao. Akaukanyaga ubao, akauvuta tena, akakaa chini kwa makalio, pwaa, msumeno mkononi unatetemeka wiiing kama unamcheka. Kisha akakumbuka: mzee alikuwa na kipande cha mshumaa mfukoni, na si kwa ajili ya giza. Akausugua msumeno huku na huku, akaacha kuukandamiza, akauacha ushuke kwa uzito wake. Ukashuka. Shwaa, shwaa, shwaa, kama mtu anayefagia kwa starehe zake.

Randa nayo ikaanza kuchimbua, inanyofoa vipande kama panya. Bi Chaki akaupapasa ubao: alikuwa anapiga kinyume, anakwenda inakotoka badala ya inakolala. Akaugeuza. Akapunguza ulimi wa chuma uchungulie kidogo tu. Akasukuma. Na hapo, jamani, ukatoka utepe! Utepe mmoja mrefu, mwembamba, unaona mwanga upande wa pili, unajikunja juu ya mkono wake, unanukia. Bi Chaki alipiga kelele mpaka mwoka mikate akatoka jikoni mbio, mikono ya unga.

"Umejikata?"

"Tazama! Tazama utepe!"

"Nimedhani kidole!"

"Bora ungekuwa mtu wa kuelewa," akamwambia, akamfunga huo utepe shingoni kama tai. Mwingine akamfunga Mkaguzi kichwani, ukakaa mpaka alipoula. Mwisho wa siku maranda yalikuwa kila mahali: kwenye nywele, kwenye gauni la mteja, kwenye aproni ya mumewe, na kesho yake mteja mmoja wa mikate akaja kuuliza kwa adabu kama hii aina mpya ina nyuzinyuzi ndani au ni bahati mbaya.

Alhamisi kiti kilisimama. Bila gundi bado, kimeunganishwa tu kionekane. Kilikuwa na mgongo, kilikuwa na kikalio, miguu minne yote inagusa sakafu. Bi Chaki akakizunguka kwa mwendo wa bibi harusi. Akakikalia.

Kwiiii-kwaa.

Kama kifaranga kilichokanyagwa. Akasogea kulia: kwii. Akasogea kushoto: kwaa. Akasimama, kikalia peke yake kwa ajili ya kumsindikiza.

Mwoka mikate alifika, akasikiliza, akasema kwa huruma, "Tia misumari."

"Nikitia msumari hapo kitalia kwa sauti ya bati. Tundu ni kubwa, ulimi unacheza ndani. Ona." Akautikisa. Ulimi ulikuwa umekaa kwenye tundu kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake. "Lakini kwa nini yote? Yote yameachia! Kama vile nimeacha nafasi ya..." Akajishika mdomo. "Ya kupumua."

"Nani apumue?"

"Hakuna! Mbao haipumui! Nimekiachia kiti nafasi ya kupumua, mume wangu, kama gauni!"

Mwoka mikate alijitahidi sana. Alikaza mashavu, akatazama mabati, akajiuma mdomo. Halafu akamtazama mkewe usoni, wote wawili wakapasuka, wakacheka wamejishika kwenye kile kiti, nacho kikawa kinalia kwii-kwaa, kwii-kwaa, kikazidisha mambo.

Lakini Jumamosi haikuwa inacheka. Kukata mbao nyingine, muda hakuna. Bi Chaki alifuta machozi, akakaa kwenye maranda na mtoto mapajani, akawaza. Nguo ikimpwaya mtu, unafanyaje? Unaipunguza. Tundu halipunguki. Basi anenepe mtu! Ulimi uvishwe nguo mpaka ujae!

Akaenda kwenye mfuko wa matambara nyuma ya mlango wa kibanda. La juu kabisa lilikuwa shati la kazi la marehemu, la mistari ya buluu, lililofuliwa mpaka likawa laini kama shavu la Mkaguzi. Alilishika muda. Kisha akachukua mkasi, akakata vipande vyembamba vilivyonyooka na uzi, akavichovya kwenye gundi, akauzungushia kila ulimi mzunguko mmoja, sawasawa, bila mkunjo hata mmoja, kama anatia upapi kwenye shingo ya blauzi. Ulimi ukaingia kwenye tundu kwa nyundo ya mbao, polepole, unakataa kidogo, unakubali. Gundi ikatoka pembeni kama asali. Akaifuta kwa kitambaa chenye maji kabla haijashika.

Sasa kukibana mpaka kikauke. Sandukuni kulikuwa na kibano kimoja, nacho kimeshikwa na kutu. Bi Chaki akatazama huku na huku. Jicho likatua kwenye baiskeli ya mumewe ya kupelekea mikate.

"Usithubutu," akasema mwoka mikate.

"Mpira wa ndani tu."

"Nitapelekaje mikate?"

"Una miguu mizuri sana, mimi ndiyo iliyonivutia."

Mtu akiambiwa hivyo atasema nini? Mpira ukatoka, ukazungushwa kwenye miguu ya kiti, ukavutwa mpaka ukapiga mluzi, ukafungwa. Juu ya kikalio wakapandisha mfuko wa unga. Ijumaa mwoka mikate alipita mtaani anaburuta baiskeli yenye gurudumu moja zima na moja lenye huzuni, anawaeleza watu kwamba nyumbani kuna mgonjwa amefungwa bandeji.

Jumamosi asubuhi Bi Chaki alifungua mpira, roho juu. Akashusha unga. Akakaa.

Kimya.

Akasogea kulia. Kimya. Akaegemea. Akajinyanyua akajibwaga. Kimya kama kaburi, isipokuwa yeye mwenyewe, aliyekuwa anapiga vigelegele kwa ndani mpaka pua zinatetemeka. Mumewe naye akakaa, mtoto juu yake, wakaruka pamoja. Kimya! Wakacheza kuzunguka kibanda, maranda yanaruka, Bi Chaki anapiga kichwa kwenye kenchi na hajali.

Halafu mwoka mikate akasimama karibu na kiti, akakitazama, akajitazama mapaja.

"Mke wangu. Mbona kinanifika hapa?"

"Wapi?"

"Hapa juu. Kiti cha mezani kinanifika hapa chini."

Bi Chaki alivuta utepe. Alipima mguu wa kiti. Akaona mstari wa kwanza wa chaki, hafifu bado, juu kule. Akaona mwisho wa mguu, chini kule.

"Nimeacha pindo," akanong'ona.

"La nini?"

"La kukunja. Ikizidi, unakunja ndani, unashona..."

"Utakunja mbao?"

"Na unene wa kikalio sijautoa. Yaani nimempimia Mama, nikamtengenezea twiga!"

Mwoka mikate aliteleza ukutani taratibu mpaka akakaa chini, analia kwa kicheko, hatoi hata sauti. Bi Chaki alishika msumeno. Kata? Ukikata miguu minne, mmoja ukazidi unywele, kiti kinayumba. Ukiurudia, unazidi mwingine. Alikumbuka mzee akisimulia mtu aliyerekebisha meza namna hiyo mpaka akaishia na sinia. Na kiti kinachoyumba hakiwezi kunyamaza. Aliweka msumeno kwenye mguu wa kwanza, akautoa. Akauweka, akautoa.

"Hodi! Wenyewe mpo? Nimekuja kuchukua mapambo yangu!"

Alikuwa Baba Mdogo, mdogo wake marehemu, kinyozi, mtu wa mwili na sauti, ameingia uani na mkokoteni wa kuazima. Na nyuma yake, kutoka chumbani, mama mkwe, amejipara, amevaa gauni la kutokea na viatu vya wazi vipya.

"Kilete," akasema.

Wakakileta, wamekishika huku na huku kama mgonjwa. Kikawekwa katikati ya ua, juani. Mbao ile ilivyorandwa iliwaka kama mkate uliopakwa yai. Baba Mdogo aliguna, pamoja na ukubwa wake. Mama mkwe alikisogelea. Kikalio kilimfika kiunoni.

"Hiki ni kiti," akauliza, "au ni ngazi imekatwa njiani?"

"Mama, nieleze, niliacha pindo..."

"Nimeuliza swali la kujibiwa? Baba Mdogo, nipe mkono."

"Shemeji, utaanguka."

"Nipe mkono wewe!"

Akapewa. Akakanyaga mti wa chini unaounganisha miguu, akajivuta, akageuka, akajitupa. Akakaa. Bi Chaki alifumba macho. Mwoka mikate alimziba Mkaguzi mdomo. Baba Mdogo alitega sikio mpaka akalikaribisha kwenye mguu wa kiti kabisa, amechuchumaa.

Kimya.

Mama mkwe akasogea kulia. Kushoto. Akaegemea mgongo, akajitikisa kama mtu anayepima godoro dukani. Kimya. Miguu yake ilikuwa inaelea, mbali na ardhi, vile viatu vipya vinaning'inia kwenye vidole. Akaitazama miguu yake. Akaupeleka mmoja mbele, ukarudi. Akaupeleka wa pili. Mmoja mbele, mmoja nyuma. Mbele, nyuma. Kiatu kimoja kikachomoka, kikaruka, kikatua kwenye mkokoteni, pa!

"Hi," akasema mama mkwe.

Wote wakamtazama.

"Hi hi."

Na kile kicheko alichokuwa amekifunga kikafunguka chenyewe. Kilianzia tumboni, kikamtikisa mabega, kitambaa cha kichwa kikalegea, ufunguo ukawa unagonga mgongo wa kiti. "Miguu!" anasema, hawezi kumaliza. "Miguu yangu! Inabembea! Tangu nilipokuwa... hi hi hi... mtoto wa... jamani nishikeni!" Kiatu cha pili nacho kikaruka. Bi Chaki alicheka mpaka akakaa chini. Mkaguzi alicheka kwa sababu wengine wanacheka, akatambaa kwenda kukikagua kiatu.

Baba Mdogo peke yake alikuwa bado amechuchumaa, kidole juu. "Napinga! Shemeji, ulikuwa unacheka, kicheko kimefunika sauti! Turudie!"

"Turudie," akasema mama mkwe, anafuta macho. Akaruka palepale kitini, juu, chini, juu, chini. "Umesikia?"

"Sijasikia."

"Basi sikiliza hili. Nilisema kisilie. Nani hapa alinisikia nimesema kisiwe kirefu?"

Hakuna aliyesikia.

Akainama ashike pembe ya kikalio, na hapo kidole chake kikakuta kitu kwenye kiungio. Ukingo mwembamba wa kitambaa, umechungulia kutoka tunduni, mstari wa buluu. Aliupapasa. Miguu ikaacha kubembea.

"Hili shati nalijua."

"Ndilo, Mama," akasema Bi Chaki, bado yuko chini. "Matundu yalipwaya. Limo kwenye kila kiungo."

Bibi yule akakaa na kidole chake pale, hata Mkaguzi akatoa kiatu mdomoni. Kisha akaguna, mguno wa mke aliyembana mume wake hatimaye.

"Kesho, kesho, kesho," akasema. "Kumbe kesho yenyewe ni leo. Sawa, mzee. Nimekaa." Akafungua kitambaa cha kichwa, akatoa ufunguo, akamrushia Bi Chaki mapajani. "Na ile ndoo, ichukue ukafulie."

Walitaka kumshusha. Akakataa. Akaagiza chai aletewe hukohuko juu, akainywa miguu inabembea, anasalimia wapita njia kwa juu ya ukuta, maana sasa alikuwa anawaona.

Baba Mdogo alizunguka kiti mara kadhaa, mikono nyuma, kama mtu aliyepoteza kitu. "Bi Chaki," akasema, kwa sauti ya kuomba. "Wale wateja wangu wadogo, wale watoto, nawakalisha juu ya kreti, na kreti juu ya kiti. Juzi mmoja kateleza nusu kichwa kimenyolewa, nusu kimekimbia. Urefu huu hasa ndio..."

"Hiki hakiuzwi!" ikatoka sauti juu.

"Sijasema hiki, Shemeji! Nasema kama hiki."

"Basi panga foleni. Na misumeno usiitaje tena. Ukutani tundika mikasi yako."

Ikabaki habari ya mkokoteni uliokuja kwa ajili ya sanduku. Mpira wa baiskeli ulikuwa umelegea kama soksi kuukuu, haurudi kwenye gurudumu kwa dua wala kwa pampu. Kwa hiyo mwoka mikate alipanga mikate yake mkokotenini, Baba Mdogo akashika mbele kwa sababu alikuwa na mwili wa kuburuta na hakuwa na jingine la kufanya, wakatoka getini wanabishana nani apige kelele za kuuza.

Bi Chaki aliingia kibandani, akauteremsha ubao mwingine, akaufikisha jichoni. Umenyooka. Akatoa chaki nyuma ya sikio, akapima urefu wa kiti cha kawaida, akachora mstari. Mkono ukaanza kuteremka wenyewe, akaukamata hewani, akacheka peke yake.

Kutoka uani, juu kabisa, ikaja sauti:

"Wewe! Usisahau pindo!"